Ajali za Miji ya Barabarani Zina Kinga

Wahenga walinena kwamba ajali haina kinga. Sijawahi kuhudhuria matanga ya mtu aliyegongwa na gari bila kuusikia usemi huu. Huanza nao mzee wa mtaa, hufuata kiongozi aliyeleta rambirambi, na mwishowe mhubiri huyafunga mahubiri yake kwa maneno hayo hayo. Waombolezaji hutikisa vichwa kwa kukubali, kaburi likafukiwa, na malori yakaendelea kupita katikati ya mji kwa kasi ile ile ya jana. Makala haya yanakusudia kuupinga usemi huo au, kwa usahihi zaidi, kuyapinga matumizi yake.

Sisi tunaosoma Kiswahili tunafahamu kwamba neno "ajali" lilitufikia kutoka Kiarabu, na kwamba maana yake ya awali ni muda uliowekwa, yaani siku ya mtu ya kufa. Kwa maana hiyo methali ni ya kweli, kwani hapana kiumbe awezaye kuikwepa siku yake. Lakini neno limepanuka kimaana. Leo tunaita ajali hata tukio la lori kumgonga mwanafunzi anayevuka barabara kwenda shuleni. Methali iliyotungwa juu ya mauti imehamishiwa barabarani, na huko inatumika kama pazia la kufunikia uzembe wetu. Mauti hayana kinga, nakubali. Gari linalokatiza sokoni kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa lina kinga, na kinga yenyewe inajulikana.

Nianze na ninayoyajua. Nililelewa katika mojawapo ya miji midogo iliyo kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Nyumba zetu zilikuwa upande mmoja wa barabara, shule ya msingi na zahanati upande wa pili. Kila asubuhi mwalimu wa zamu alisimama kando ya lami akiwa na kitambaa chekundu mkononi, akisubiri pengo kati ya trela na trela ili atuvushe. Nilipokuwa darasa la tano, asubuhi moja mwalimu alichelewa, na mwenzetu mmoja hakusubiri. Alasiri hiyo wazazi waliifunga barabara kwa mawe na matairi yaliyowashwa moto. Polisi walikuja, maneno yakawa mengi, na baada ya muda tukajengewa tuta. Lilipakwa rangi nyeupe mara moja tu. Misimu miwili ya mvua ilipopita, rangi ilikuwa imekwisha, hapakuwa na bango wala taa, na usiku mmoja mwendeshaji pikipiki aliyekuwa mgeni wa njia ile alirushwa na tuta hilo hilo akafariki. Tuta lililojengwa kwa sababu ya kifo cha mtoto likawa limewaacha watoto wengine bila baba. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: je, hapana njia ya kupunguza mwendo wa magari isiyosubiri maiti ndipo ianze, na isiyozaa maiti nyingine baadaye?

Swali hili si la mji wetu pekee. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Kericho. Liligonga matatu, likawapitia wachuuzi waliokuwa wakiuza bidhaa zao kando ya barabara pamoja na watu waliokuwa wakisubiri usafiri. Watu zaidi ya 50 walipoteza maisha. Taifa liliomboleza, na serikali ikatoa agizo kwamba wachuuzi waondolewe kando ya barabara kuu. Agizo hilo lilikuwa na hekima ndani yake, lakini lilimtazama mchuuzi peke yake. Halikuuliza kwa nini barabara inayofika kwenye makutano yaliyojaa watu hubaki na umbo lile lile iliyokuwa nalo nyikani. Isitoshe, hata wachuuzi wote wakiondoka, wanafunzi, wagonjwa na abiria bado watavuka. Kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2024, zaidi ya watu 4,000 walifariki katika barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao lilikuwa la watembea kwa miguu.

Ni vyema tukumbuke jinsi miji hii ilivyozaliwa. Mingi ya miji ya barabara ya Mombasa ilianza kama stesheni za ile reli ya Uganda iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901: Mackinnon Road, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Sultan Hamud. Watu walikaa penye stesheni, maduka yakafuata, kisha magari yakaja kuifuata njia ya garimoshi. Mingine ilizaliwa na barabara yenyewe, pale njia mbili zinapokutana na abiria kushuka. Kwa hiyo si haki kusema kwamba watu hawa waliivamia barabara. Penginepo barabara na mji ni mapacha, na penginepo mji ndio mkubwa. Barabara ilipopanuliwa na kutiwa lami nzuri, ilipanuliwa kwa ajili ya shehena za bandari ziendazo Nairobi, Kampala na Kigali. Mji ulibaki ulivyokuwa: bila njia ya miguu, bila kituo cha matatu, bila kivuko.

Sheria haijanyamaza juu ya jambo hili. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inakataza gari lolote kuzidisha kasi ya kilomita 50 kwa saa ndani ya mipaka ya kituo cha biashara, mji au jiji. Tatizo ni kwamba kifungu hicho huishi vitabuni. Mageuzi ya waziri John Michuki, yaliyoanza kutekelezwa Februari 2004, yalileta mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo katika magari ya abiria, na Wakenya wengi waliyashangilia kwa haki. Hata hivyo, kidhibiti mwendo kiliwekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Hakiijui Emali wala Makindu. Hakijui kwamba nyika imekwisha na soko limeanza. Matatu inayopita sokoni kwa kilomita 80 imekitii kidhibiti na kuivunja sheria kwa wakati mmoja.

Tofauti kati ya 50 na 80 yaweza kuonekana ndogo machoni pa abiria aliyeketi kitini. Hebu tuipime. Dereva makini huchukua takriban sekunde moja tangu aone hatari hadi akanyage breki. Katika sekunde hiyo, gari la kasi ya 50 husafiri mita 14, na la kasi ya 80 husafiri mita 22. Kwenye lami kavu na kwa breki nzima, gari dogo la kwanza husimama kabisa baada ya mita 28 hivi, ilhali la pili huhitaji takriban mita 57. Sasa tumweke mtoto mita 30 mbele ya magari hayo mawili. La kwanza litasimama hatua mbili mbele yake, dereva atamkemea, na mtoto ataendelea na safari yake ya shuleni akitetemeka. La pili litamfikia likiwa bado na kasi ya kilomita 70 hivi kwa saa. Lori lililosheheni huhitaji nafasi kubwa zaidi ya hiyo. Huo ndio umbali kati ya karipio na kaburi.

Kwa nini basi dereva hapunguzi mwendo? Jepesi kwetu ni kumlaumu yeye. Sikatai kwamba wapo madereva wakaidi, na wapo wanaokimbizwa na hesabu ya tajiri mwenye gari. Lakini dereva huongozwa na barabara kuliko anavyoongozwa na bango. Barabara pana, iliyonyooka, yenye lami laini, humwambia: kimbia. Kisha kibango kimoja kilichofunikwa na vumbi humwambia: punguza. Barabara inasema kwa sauti kubwa kilomita baada ya kilomita, na kibango kinanong'ona kwa nusu sekunde. Katika isimujamii tunafundishwa kwamba msemaji hubadili sajili kulingana na mahali alipo. Hatuzungumzi mahakamani kama tuzungumzavyo sokoni. Barabara zetu kuu hazijafunzwa kubadili sajili. Huingia mjini zikiwa bado zinazungumza lugha ya nyikani. Hoja yangu kuu ni hii: barabara kuu ikifika mjini, yenyewe na ibadilike umbo, ili hata dereva asiyesoma bango, hata mwenye usingizi, hata asiyeijali sheria, ajikute amepunguza mwendo.

Jibu tulilolizoea ni tuta. Siwezi kulidharau, maana matuta yameokoa watoto wengi, na mara nyingi ndilo jibu pekee ambalo mwananchi maskini hupata akipiga kelele. Hata hivyo, tuta la kubandikwa lina kasoro. Kwanza, hujengwa baada ya kifo. Pili, humshtukiza dereva. Gari linatoka katika mwendo wa 100 na kukutana na kilima cha lami kisichotangulizwa na ishara yoyote. Tatu, likiwekwa chini ya mteremko mrefu, dereva wa lori ambaye breki zake zimekwisha kupata moto hulifikia akiwa hana la kufanya. Nne, palipo na tuta magari hupunguza mwendo, na yanapopunguza mwendo wachuuzi hukusanyika na mahindi ya kuchoma, njugu na maji ya chupa. Hivyo, tuta ambalo halikupangiwa mazingira yake huwaita watu mahali penye hatari, kisha tukawalaumu kwa kuitika.

Wapo waliojaribu kufanya vyema zaidi, na si lazima tusafiri hadi Ulaya kuwatafuta. Nchini Ghana, kwenye barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, makutano ya Suhum yalikuwa yamekithiri kwa ajali. Wahandisi waliweka mistari minene iliyoinuka kidogo juu ya lami, ambayo hulitetemesha gari na kumzindua dereva kabla hajafika penye watu. Kati ya Januari 2000 na Aprili 2001, ajali zilipungua kwa asilimia 35 hivi, na vifo kwa asilimia 55 hivi. Hapa kwetu, eneo la Salgaa na Sachang'wan lilisemwa kuwa na laana. Baada ya ajali ya Migaa ya tarehe 31 Desemba 2017, iliyoua watu 36, barabara ilipanuliwa na magari yapandayo yakatenganishwa na yateremkayo. Ilikubalika hatimaye kwamba barabara nayo ilikuwa na makosa yake. Swali ni kwa nini tulisubiri miaka mingi na makaburi mengi ndipo tukubali.

Je, mji mdogo unahitaji nini? Kwanza, unahitaji mlango. Mita mia kadhaa kabla ya nyumba ya kwanza, mistari ya kutetemesha gari imwamshe dereva. Kisha bango kubwa limtajie jina la mji na kikomo cha mwendo. Halafu njia ya gari ipunguzwe upana, na miti ipandwe pande zote mbili, ili macho yake yenyewe yamwambie kwamba amekwisha kuingia nyumbani kwa watu. Pili, penye shule, soko na zahanati pawe na vivuko vilivyoinuliwa, vipana na bapa, vyenye taa, ambavyo gari la mwendo wa wastani huvipita bila kuruka. Katikati ya barabara pajengwe kisiwa kidogo, ili mama aliyembeba mtoto mgongoni avuke nusu, asimame, atazame upande wa pili, ndipo amalize. Tatu, matatu na bodaboda zipewe nafasi nje ya lami, na kati ya soko na magari pawe na kizuizi. Nne, fedha za rangi na taa zitengwe kila mwaka, kwa sababu tuta lisiloonekana usiku ni mtego.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Wa kwanza atasema kwamba barabara kuu ni mshipa wa uchumi, na kwamba tukipunguza mwendo kila penye duka, mizigo itachelewa. Hebu tufanye hesabu. Tuchukue vituo 12 kati ya Mombasa na Nairobi: Mariakani, Samburu, Taru, Mackinnon Road, Maungu, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud na Salama. Tuseme kila kimoja kina urefu wa kilomita moja. Kupita kilomita moja kwa kasi ya 80 huchukua sekunde 45. Kwa kasi ya 50 huchukua sekunde 72. Tofauti ni sekunde 27. Zizidishe kwa vituo vyote 12, utapata dakika tano na nusu kutoka Bahari ya Hindi hadi jiji kuu. Dereva hutumia muda mrefu kuliko huo akinywa chai Mtito Andei. Hatuwezi kusema kwamba uchumi wa taifa utaporomoka kwa kikombe kimoja cha chai.

Wa pili atasema kwamba tujenge barabara za kuizunguka miji hii. Kwa miji mikubwa jambo hilo linafaa. Kwa mji wa maduka 40 na hoteli tatu, ambao mkate wake unatokana na wasafiri, barabara ya kuuzunguka ni hukumu ya njaa, na baada ya miaka michache wenyeji watahamisha vibanda vyao hadi kwenye barabara hiyo mpya. Tutakuwa tumeihamisha hatari kwa gharama kubwa. Ikumbukwe kwamba mchuuzi haichukii gari, analitaka lisimame. Yeye na mtaalamu wa usalama wanataka kitu kimoja, ila hawajawahi kuketi meza moja.

Na hapo ndipo penye fundo lenyewe. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, barabara kuu ni za serikali ya kitaifa, ilhali masoko na taa za mitaani ni za kaunti. Mhandisi wa barabara kuu anajenga hadi ukingo wa lami. Mpangaji wa kaunti anaanzia penye soko. Kati yao upo ukanda wa mita chache wa vumbi na changarawe, na juu ya ukanda huo ndiko Wakenya wanakosimama, wanakouza, wanakosubiri na wanakofia. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Na hata fahali wakitegeana tu, nyasi huumia vilevile. Napendekeza kwamba barabara kuu yoyote inayokarabatiwa isipokelewe na serikali kuwa imekamilika mpaka sehemu zinazopita mijini ziwe zimechorwa na pande zote mbili kwa pamoja, na wenyeji wakaulizwa wao huvukia wapi. Watoto wa shule wanapajua mahali hapo kuliko mchoro wowote.

Limebaki jambo moja linalotuhusu sisi moja kwa moja. Kifungu cha 7 cha Katiba kinatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, mabango mengi ya barabara zetu kuu yanamwonya msafiri kwa Kiingereza pekee. Dereva wa lori atokaye Mombasa, utingo wake, mwendesha bodaboda wa Maungu na mama muuza ndizi wa Kibwezi wanazungumza Kiswahili kutwa kucha. Maonyo ya uhai wao yameandikwa kwa lugha nyingine. Sidai kwamba neno "Punguza mwendo" litafanya kazi ambayo umbo la barabara halijaifanya. Nimekwisha kusema kwamba bango hunong'ona. Lakini kama litanong'ona, basi na linong'one kwa lugha inayosikika. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vinaweza kuandaa orodha ya maneno hayo, mafupi na yanayosomeka kwa mbali, na kuipeleka kwa wanaohusika bila kusubiri kuombwa. Hiyo itakuwa kazi ya lugha yenye manufaa kuliko makongamano mengi tuliyohudhuria.

Wanafunzi wenzangu, kila muhula unapofunguliwa sisi hupita katika miji hii tukiwa ndani ya mabasi, tukimhimiza dereva aongeze mwendo ili tuwahi usajili. Sisi pia ni sehemu ya kasi hiyo. Tukumbuke kwamba kila kituo tunachokipita kwa sekunde 45 ni nyumbani kwa mtu, na pengine ni kwa mwenzetu tuliyeketi naye darasani.

Nilipopita kwetu mwanzoni mwa muhula huu, nilimwona mwalimu wa zamu amesimama pale pale, mwalimu mwingine na kitambaa chekundu kingine, watoto wamejipanga nyuma yake. Alikuwa akisubiri pengo. Wahenga waliosema kwamba ajali haina kinga ndio hao hao waliotuachia pia usemi wa tahadhari kabla ya hatari. Tumeutumia ule wa kwanza kwenye makaburi ya kutosha. Umefika wakati wa kuutumia huu wa pili, na pa kuanzia ni pale anaposimama mwalimu yule.